Dola Milioni 15 Hazimhusu Mzee Wako

Tangu Januari 1, 2026, Mmarekani anaweza kufa akiacha mali ya dola milioni 15 na serikali kuu isidai hata senti moja ya kodi ya mirathi. Mume na mke wakijipanga, kiwango kinafika milioni 30. Haya yametokana na ile sheria kubwa ya kodi na bajeti aliyoitia saini Rais Donald Trump Julai 4, 2025. Kabla yake watu walikuwa wakijiandaa kwa kinyume chake: nafuu iliyotolewa na sheria ya 2017 ilikuwa ikome mwishoni mwa 2025, na kiwango kingeshuka hadi karibu nusu. Hofu hiyo imeondoka, na mahali pake imeenea hoja inayosikika kuwa ya busara. Kama kodi ya mirathi haimgusi mtu wa kawaida, mtu wa kawaida anamtafutia nini wakili wa masuala ya wazee? Apakue wosia mtandaoni, atie saini, alale usingizi.

Wanaosema hivyo wamebisha mlango usiohusika. Kodi ya mirathi ya serikali kuu haikuwa tatizo la familia ya kawaida hata kabla ya mabadiliko haya. Mali za watu chini ya asilimia 1 ya wanaofariki ndizo zilizolipiwa. Kinachoifilisi familia ya kawaida, na mara nyingi kuigombanisha, hutokea mzee akiwa bado anapumua. Ni ile miaka miwili, mitano, hata kumi ambayo hawezi kujihudumia wala kujiamulia, bili zinaingia kila mwezi, na hakuna mwenye uhakika nani ana haki ya kutia saini. Kazi ya wakili wa wazee imo ndani ya miaka hiyo. Wosia ni ukurasa wake wa mwisho. Tena sheria ileile iliyowapa matajiri nafuu yao imebana vifungu viwili vinavyoihusu miaka hiyo, na havikupata hata robo ya vichwa vya habari. Kwa hesabu yangu, mzee wa kawaida anamhitaji wakili huyu leo kuliko alivyomhitaji kabla sheria haijapita.

Tuanze na fedha. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyozaa Medicare na Medicaid, majina yanayofanana kiasi kwamba Wamarekani wenyewe huyachanganya. Medicare ni bima ya afya ya waliotimiza miaka 65, tajiri kwa maskini. Inalipia hospitali, daktari na dawa, na wengi huamini kwamba itawalipia pia makao ya uuguzi siku watakaposhindwa kuoga au kula wenyewe. Haiwalipii. Inachogharimia ni uuguzi wa kitaalamu wa muda, na sharti la kawaida ni kwamba mgonjwa awe kwanza amelazwa hospitalini siku tatu. Siku 20 za mwanzo hulipiwa zote. Kuanzia ya 21 hadi ya 100 mgonjwa huchangia zaidi ya dola 200 kwa siku. Baada ya hapo hakuna kitu. Hizo siku 100 zenyewe ni kikomo tu, wala hakuna aliyeahidiwa kuzipata zote. Kinachofuata ni bili ambayo katika makao mengi huzidi dola 100,000 kwa mwaka. Mlipaji wa mwisho ni Medicaid, mpango wa watu wasio na uwezo unaoendeshwa na majimbo kwa fedha zao na za serikali kuu. Zaidi ya nusu ya wakazi wa makao ya uuguzi wanalipiwa na mpango huo, na si wachache kati yao walioingia humo wakiwa na akiba ya maisha yao yote, wakaitumia hadi ikaisha.

Masharti ya Medicaid ndiyo yaliyoizaa taaluma yenyewe. Katika majimbo mengi mwombaji asiye na mwenza haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000. Nyumba anayoishi, gari na vyombo vya ndani vina hesabu yake. Mwenye mume au mke anayebaki nyumbani ana kinga iliyowekwa na Bunge mwaka 1988, kwa sababu wake walikuwa wakiachwa bila kitu waume zao wakiugua. Mwaka 2025 mwenza huyo aliweza kubaki na hadi dola 157,920, kutegemea jimbo. Kisha huja swali linalowanasa wengi: katika miezi 60 iliyopita, umempa mtu yeyote chochote? Kabla ya sheria iliyotiwa saini Februari 2006 kipindi hicho kwa kawaida kilikuwa miezi 36. Sheria hiyo ilirefusha muda na ikafanya jambo la pili, kali zaidi, ingawa halizungumzwi sana: ilisogeza siku ambayo adhabu ya zawadi, yaani miezi ya kunyimwa Medicaid, huanza kuhesabiwa. Zamani hesabu ilianza karibu na siku zawadi ilipotolewa. Sasa inaanza pale mzee anapokuwa tayari anahitaji uuguzi, ameishiwa, na ameomba msaada.

Mfano utasaidia. Mama fulani alimpa mjukuu wake dola 100,000 za kuongezea kwenye nyumba mwaka 2023, kwa nia njema kabisa, kisha akapata kiharusi mwaka 2026. Ikiwa jimbo lake linakadiria gharama ya uuguzi kuwa dola 10,000 kwa mwezi, atanyimwa Medicaid miezi kumi, na miezi hiyo inaanza wakati hana tena fedha ya kulipia hata mmoja. Pesa zimeshageuka kuta na paa la mtu mwingine. Kwa walioko nje inaonekana kama adhabu ya udanganyifu. Kwa huyu mama ni adhabu ya ukarimu. Na hata anayefuzu masharti yote hajamalizana na serikali, kwa sababu tangu sheria ya 1993 majimbo yanalazimika kudai kutoka kwenye mali ya marehemu gharama za uuguzi alizolipiwa tangu alipotimiza miaka 55. Kilichobaki cha kudaiwa huwa ni nyumba.

Sasa vile vifungu viwili. Cha kwanza kinahusu bili za nyuma. Hadi sasa Medicaid imekuwa ikiweza kulipia gharama za hadi miezi mitatu kabla ya mwezi ambao ombi liliwasilishwa. Kuanzia Januari 1, 2027, kwa wazee itakuwa miezi miwili. Mwezi mmoja ni kitu kidogo kwa mtu asiyewahi kujaza ombi hilo. Ofisi inataka taarifa za benki za miaka mitano, hati za nyumba, bima za maisha, maelezo ya kila hundi kubwa iliyotoka na ilikokwenda. Aliyejua hayo yote amelala kitandani, hasemi. Watoto wanafungua droo wasizowahi kuzifungua, wanapiga simu benki na benki inawauliza wao ni nani. Ile miezi mitatu ilikuwa ndiyo pumzi ya kukusanya karatasi. Kila mwezi unaopita nje ya dirisha hilo unabaki kuwa deni la familia.

Kifungu cha pili kinahusu nyumba. Thamani ya nyumba ya mwombaji, ukitoa deni la benki, ina kikomo cha kumruhusu kulipiwa uuguzi wa muda mrefu, na kikomo hicho kilikuwa kikipanda kila mwaka. Kwa majimbo yaliyochagua kiwango cha juu kilifika dola 1,097,000 mwaka 2025. Kuanzia Januari 1, 2028, hakuna jimbo litakaloruhusiwa kuvuka milioni 1, isipokuwa mashamba, ambayo yana njia yake. Akiwa mume au mke bado anaishi humo, kikomo hakimgusi. Mtu atasema, mwenye nyumba ya milioni ana shida gani? Leo, swali la haki. Lakini sheria imekifunga kikomo hicho kisiende na mfumuko wa bei. Mwenye miaka 60 mwaka 2026 atakuwa na 85 mwaka 2051, na milioni 1 ya mwaka huo itanunua nyumba ya namna gani katika viunga vya San Jose au Boston? Hivi ndivyo kodi na masharti yanavyowafikia watu wa kati bila mtu kupiga kura ya kuwafikia: namba inasimama, bei zinatembea.

Fedha hata hivyo ni upande mmoja. Upande wa pili ni mamlaka, na hapa ndipo nadhani wachambuzi wengi wa magazeti hawafiki. Sheria ya Marekani haimpi mtoto mkubwa, wala hata mke, ruhusa ya kugusa akaunti iliyo kwa jina la mgonjwa peke yake. Njia ya kupata ruhusa hiyo bila mahakama ni hati ya uwakilishi inayoendelea kufanya kazi hata aliyeitia saini akipoteza uwezo wa akili. Sharti lake ni moja, na halina mbadala: lazima itiwe saini wakati akili bado ipo. Familia ikichelewa, inabaki njia ya mahakama kuteua msimamizi. Kuna ombi, ripoti ya daktari, kikao, ada, taarifa za hesabu kila mwaka, na mzee anaweza kuondolewa haki ya kuamua aishi wapi, atibiwe vipi, atumieje fedha zake. Msimamizi si lazima awe ndugu. Huko Las Vegas mwanamke aliyefanya usimamizi huo kuwa biashara alihukumiwa mwaka 2019 kifungo cha miaka 16 hadi 40, baada ya kuwavuna wazee ambao mahakama yenyewe ilikuwa imewakabidhi kwake.

Hati ya uwakilishi nayo ina matundu ambayo fomu ya kujaza haikuonyeshi. Idara ya Hifadhi ya Jamii, inayolipa pensheni za uzeeni, haiitambui kabisa. Ina utaratibu wake wa kumteua mpokeaji wa malipo, na watu hugundua hilo wakiwa wameshafika dirishani. Majimbo yaliyofuata sheria ya mfano ya 2006 yanataka mamlaka nyeti yatajwe waziwazi: kutoa zawadi, kubadili warithi wa bima, kuunda amana, yaani kuweka mali chini ya mdhamini anayeitunza kwa faida ya wengine. Yasipotajwa, mwakilishi hana. Ubaya wake huonekana baadaye. Sheria ya Medicaid inamruhusu mzee kumhamishia nyumba mtoto wake mwenye ulemavu bila adhabu yoyote. Inamruhusu pia kumhamishia mtoto aliyeishi naye angalau miaka miwili kabla ya kupelekwa makao, akimtunza kiasi cha kumchelewesha kwenda huko. Ni nafuu ya halali, imeandikwa, inamtambua binti aliyeacha kazi ili amgeuze mama kitandani. Sasa mama hawezi tena kutia saini, na hati aliyompa binti ilipakuliwa bure na haitaji neno la kuhamisha nyumba. Nafuu ipo, mkono wa kuichukua haupo. Afisa wa Medicaid naye hana kazi ya kumshauri mwombaji namna ya kujipanga. Kazi yake ni kupima kilicholetwa mezani.

Dhidi ya haya yote kuna hoja, na hazilingani uzito. Ya kwanza inasema familia yenye upendo haihitaji karatasi. Jibu lake limo kwenye kumbukumbu za mahakama za Florida. Terri Schiavo alianguka mwaka 1990 akiwa na miaka 26 na hakuamka tena kama alivyokuwa. Hakuwa ameandika chochote. Mumewe alisema asingetaka kuishi hivyo, wazazi wake wakasema angetaka, na kesi ikapanda hadi Bunge la Marekani na meza ya rais kabla hajafariki Machi 31, 2005. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba upande wowote haukumpenda. Upendo ulikuwepo wa kutosha pande zote mbili. Kilichokosekana ni sauti yake mwenyewe.

Hoja ya pili ina ukweli zaidi: mengi yanawezekana bila wakili. Ni kweli. Hati ya kumteua mtu wa kukusemea hospitalini ipo bure katika kila jimbo, na mtu mzima yeyote anaweza kuijaza mbele ya mashahidi au mthibitishaji, kulingana na sheria ya jimbo lake. Tangu mwishoni mwa 1991 hospitali zinazopokea fedha za Medicare zinatakiwa kumjulisha mgonjwa haki hiyo anapolazwa. Anayekuambia lazima ulipe maelfu ya dola kwa hati hiyo peke yake anakuuzia maji ya mvua. Mjane mwenye akaunti moja, hana nyumba, na mtoto mmoja wanayeelewana, pengine hahitaji zaidi ya hati mbili nzuri. Mawakili wa fani hii wangeaminika zaidi kama wangelisema hilo kwa sauti kubwa.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: mwandike mtoto kwenye hati ya nyumba, mambo yameisha. Haigharimu kitu, haihitaji wakili, jirani alifanya. Tuitazame. Kwanza, kumwandika mtoto ni kumpa zawadi, na zawadi ndiyo hasa inayotafutwa katika ile miezi 60. Pili, sehemu ya nyumba sasa ni ya mtoto kweli: akishtakiwa, akifilisika au akitalikiana, wadai wake na wakili wa mke wake wana la kusema juu ya paa la mama. Tatu ni kodi, na hapa hesabu inauma. Tuseme mama alinunua nyumba kwa dola 80,000 na leo ina thamani ya 380,000. Akimpa mtoto yote akiwa hai, mtoto anarithi pia bei ya ununuzi. Akiiuza bila kuwa ameishi humo, anatozwa kodi kwa faida ya 300,000, na kwa kiwango cha asilimia 15 ni dola 45,000. Angeirithi mama alipofariki, bei ya kuanzia ingekuwa thamani ya siku ya kifo, na kodi ingekuwa karibu na sifuri. Familia iliyokuwa ikikwepa ada ya wakili imelipa mara kadhaa zaidi, na bado mama hana Medicaid. Wapo wanaofaa kufanya hivyo, kwa masharti maalumu, kwa mfano mama akibakiza kisheria haki ya kuishi humo na kuitumia hadi kufa kwake. Lakini hapo tayari tumesharudi ofisini kwa wakili.

Hoja ya mwisho ndiyo inayonisumbua, na sitajifanya nimeimaliza. Inasema: mpango wa maskini umegeuzwa kuwa bima ya warithi wa tabaka la kati. Mtu mwenye nusu milioni anamlipa wakili, mali inaingia kwenye amana isiyobadilishwa, miaka mitano inapita, na walipakodi, wengine wao wakipokea mshahara mdogo kuliko riba ya mali hiyo, wanamlipia uuguzi. Bunge lenyewe liliwahi kukasirika kiasi cha kutumia jinai. Mwaka 1996 liliweka adhabu kwa mzee aliyegawa mali kusudi apate Medicaid, na kifungu hicho kikabandikwa jina la mpeleke bibi jela. Aibu ilikuwa kubwa. Mwaka 1997 likageuza, adhabu ikawa ya anayemshauri kwa malipo. Chama cha Mawakili cha Jimbo la New York kikaenda mahakamani, Mwanasheria Mkuu Janet Reno akasema hataitekeleza kwa kuwa haiwezi kutetewa kikatiba, na mwaka 1998 mahakama ikaizuia. Huwezi kumfunga mtu kwa kumweleza mwenzake sheria inavyosema.

Kisheria basi jambo limekwisha. Kimaadili, mtazamo wangu unategemea ugonjwa. Mzee wa miaka 78 akipata saratani, Medicare inagharimia sehemu kubwa ya upasuaji na tiba, na hakuna anayemwambia auze nyumba kwanza. Jirani yake wa umri uleule akipata Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu, ambao tiba yake kwa miaka mingi ni mtu wa kumlisha, kumwogesha na kumzuia asitoke nje usiku, anaambiwa atumie kila alicho nacho kisha aje. Wote wawili walikatwa kodi ileile ya mshahara kwa miaka 40. Nikimwona wa pili anatafuta wakili ili nyumba ibaki kwa mkewe, sioni mwizi. Anayeficha milioni nne nina neno jingine kwake, ingawa kwa kawaida huyo hataki Medicaid. Anataka chumba cha peke yake chenye dirisha la bustani. Kilicho kweli katika hoja hii ni kwamba nafuu inawafikia wenye uwezo wa kulipia ushauri na wenye bahati ya kuwaza mapema. Jirani yao asiyejua hupoteza yote. Hilo ni kosa la mfumo, na sidhani linarekebishwa kwa kuwanyima maarifa hata wale waliokwisha kuyapata.

Kuna swali moja linalotenganisha wakili mzuri wa wazee na mbaya kuliko maswali yote ya amana na kodi: mteja ni nani? Simu ya kwanza mara nyingi hupigwa na mtoto. Mtoto ndiye anayeendesha gari, anayelipa, anayeeleza historia ya mama huku mama amekaa pembeni na mkoba mapajani. Kanuni za maadili za mawakili ziko wazi kwamba mteja mwenye uwezo uliopungua bado ni mteja, na wakili adumishe naye uhusiano wa kawaida kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo kuna wakati mtoto ataombwa akae nje. Watoto huchukia, wengine hutishia kutafuta wakili mwingine. Lakini ndani ya zile dakika ndipo mama husema kwamba hataki nyumba iuzwe, au kwamba mtoto yuleyule aliyeko nje ameshachukua kadi yake ya benki. Wizi mwingi dhidi ya wazee hufanywa na watu wanaowajua, na hati ya uwakilishi iliyoandikwa ovyo ni ufunguo uliotolewa kwa hiari. Wakili makini huweka sharti la mwakilishi kutoa hesabu kwa mtu wa pili, huteua wa akiba, hupunguza uwezo wa kujipa zawadi. Anajua pia kwamba uwezo wa akili hupimwa kwa jambo na kwa wakati: mtu aliyeshindwa kuelewa mkataba mgumu anaweza bado kuelewa wosia wake, na aliyechanganyikiwa saa kumi jioni anaweza kuwa mzima saa nne asubuhi. Hufanya miadi asubuhi.

Pia husoma karatasi ambazo familia hutia saini kwa haraka. Tangu sheria ya makao ya uuguzi ya 1987, makao yanayopokea fedha za Medicare au Medicaid hayaruhusiwi kumlazimisha ndugu awe mdhamini wa malipo ili mgonjwa apokelewe, wala, kwa kanuni za 2019, kumlazimisha mtu akubali usuluhishi badala ya mahakama. Mistari ya namna hiyo bado hupenyezwa kwenye mikataba chini ya maneno laini, na mtoto aliyetoka hospitali bila usingizi hutia saini. Zipo pia sheria za kale za watoto kuwatunza wazazi fukara ambazo majimbo kadhaa hayakuzifuta. Mwaka 2012 mahakama moja ya rufaa ya Pennsylvania ilikubali mtoto wa kiume abebe deni la mama yake la makao ya uuguzi, karibu dola 93,000, na hakuhitajika kuwa ametia saini chochote.

Kwa Waswahili walioko huko na waliowaita wazazi wao, mambo yana kona zaidi. Mzazi mwenye ukaazi wa kudumu kwa kawaida husubiri miaka mitano kabla ya kufikiriwa kwa Medicaid ya serikali kuu, kwa sheria ya 1996, ingawa majimbo mengine huziba pengo kwa fedha zao. Aliyefikisha miaka 65 bila kuwa na historia ya kazi Marekani anaweza kujinunulia Medicare baada ya miaka mitano ya ukaazi mfululizo, kwa malipo ya kila mwezi yasiyo madogo. Mtoto aliyetia saini hati ya udhamini wa uhamiaji amebeba wajibu wa kifedha ambao wengi waliuona kama fomu tu. Na shamba lililo kwa jina la mzee huko alikotoka ni mali ya kutajwa kwenye ombi kama nyingine. Hapa wakili wa wazee peke yake hatoshi. Anahitaji kuketi na wa uhamiaji.

Wakili wa namna hii anapatikana vipi? Chama chao cha kitaifa kilianzishwa mwaka 1987, na kuna taasisi, National Elder Law Foundation, inayowapima na kuwathibitisha mawakili wa fani hii. Cheti si kinga, lakini kinamtenga aliyesomea na yule aliyeongeza neno wazee kwenye kibao. Sheria ya Wamarekani Wazee, nayo ya 1965, inagharimia msaada wa kisheria bila malipo kwa waliotimiza miaka 60, kupitia ofisi za maeneo zinazoshughulikia uzee. Fedha ni chache na foleni ni ndefu, ila kwa hati za msingi na kwa kupinga barua ya kumfukuza mzee kwenye makao, ni mahali pa kuanzia.

Siasa ya jambo hili imekwama kwa muda mrefu. Mpango wa bima ya hiari ya utunzaji uliopitishwa na Bunge mwaka 2010 ulifutwa Januari 2013 kabla haujamlipa mtu yeyote. Jimbo la Washington limejaribu peke yake: tangu Julai 2023 linakata asilimia 0.58 ya mishahara, na limepanga kuanza kulipa mafao Julai 2026, hadi dola 36,500 kwa mtu katika maisha yake. Kiasi hicho hakitoshi hata nusu mwaka katika makao mengi, lakini kinamlipa mtu wa kumhudumia mzee nyumbani kwa miezi mingi, na kinamfikia mfagizi sawasawa na meneja, bila wakili. Kama kuna kitu kitakachopunguza biashara ya mawakili wa wazee, ni mipango ya aina hii. Kiwango cha kodi ya mirathi hakiwezi. Hadi itakapoenea, saa inayohesabu ni ile ya miezi 60. Anayepanga mwaka 2026 atakuwa huru nayo mwaka 2031, na anayengoja dalili za kwanza za kusahau atakuwa akishindana na ugonjwa wenyewe. Kuhusu Bunge, kama lingekuwa na siku moja tu ya kugusa tena sheria ya Julai 2025, ningeliomba liiache milioni 15 ilipo na lirudishe, kabla ya Januari 2027, ule mwezi mmoja wa bili za nyuma.